Tunataka wilaya yetu ya zimamoto huku Washington, petisheni inaanzia wapi?

MamaZuhura: Habari zenu wapendwa. Niko mashariki mwa jimbo la Washington, tulihama toka Tacoma tukanunua ekari 10 huku shamba, majirani wametawanyika vilimani. Mwezi uliopita banda la nyasi la mzee jirani yetu limeungua lote. Tulipiga 911 tukaambiwa eneo letu haliko ndani ya wilaya yoyote ya zimamoto, wakaja watu wa misitu wa jimbo ila wao kazi yao ni moto wa porini, kuzima majengo sio lao. Sisi tuna mpira wa bustani tu, na moto ulivyofika kwenye nguzo ya umeme pampu ya kisima ikazima, maji yakakatika nikiwa nimeshika mpira mkononi. Toka siku ile usingizi sina. Nasikia wakazi wanaweza kusaini petisheni wakaunda wilaya yao, inakuwaje? Na mimi nina grini kadi tu, mume wangu ndo raia.

Kisima77: Pole sana dada. Inawezekana. Kwanza wilaya hapa sio kama wilaya ya kwetu yenye DC, hii ni chombo kidogo tu cha zimamoto, kina bodi yake na kodi yake. Mnaandika petisheni yenye maelezo ya mipaka, inasainiwa na angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliojiandikisha wanaoishi humo ndani, mnapeleka kwa odita wa kaunti, yule mwenye daftari la wapiga kura, anahakiki saini. Halafu makamishna wa kaunti wanaita kikao cha hadhara, mtu yeyote anaruhusiwa kusema, na hapo mipaka inaweza kubadilishwa. Mwisho inapigwa kura na lazima mpate asilimia 60, nusu kwa nusu haitoshi. Saini ni kazi ndogo dada, hiyo 60 ndo kazi yenyewe. Kura hiyohiyo ndo inachagua na makamishna 3 wa wilaya, yaani ile bodi yake.

Kuhusu saini, wengi wanakosea hapa: mtu anaishi kwenu lakini kajiandikisha kwa anwani ya mjini kwa mtoto wake, huyo haesabiki. Kusanyeni za ziada nyingi. Wewe bila uraia husaini, mumeo asaini, ila kuzunguka nyumba kwa nyumba na kuongea kwenye kikao hakuna wa kukuzuia.

Baba Neema: Watu watakuuliza kodi kabla hujakaa kwenye kiti. Waambie hivi, ni hadi senti 50 kwa mwaka kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali, inaweza kuongezwa 50 nyingine, na 50 ya tatu ni kwa wilaya yenye mwajiriwa wa kudumu. Kwa hiyo mkiwa na zimamoto wa kujitolea tu, kwa viwango hivyo nyumba ya dola 300,000 italipa dola 300 kwa mwaka ikizidi sana. Na waulize wanalipa bima kiasi gani, maana nyumba isiyo na zimamoto inawekwa daraja la 10 na hakuna baya kuliko hilo.

shambani_OR: Mimi niko Oregon, huku hata wenye ardhi wanaweza kusaini petisheni hata kama sio wapiga kura, kwenu sheria ni nyingine usichanganye. Ila mama Zuhura kabla ya kuanza upya angalia kama kuna wilaya jirani, kuomba muingizwe kwao ni rahisi kuliko kununua gari, boza la maji, kujenga kituo, kufundisha watu, vyote kwa kodi ya nyumba chache.

Kisima77: Kweli kabisa. Na msikubali ule mpango wa kila nyumba kulipia kivyake. Mwaka 2010 kule Tennessee zimamoto wa South Fulton walisimama wakaangalia nyumba inateketea kwa sababu ada ya dola 75 haikulipwa. Kodi ya wilaya inamfunika kila mtu, hata aliyesahau.

MamaZuhura: Mungu awabariki jamani. Kituo cha jirani kiko kama maili 9 kwa barabara, kesho mume wangu anawapigia kuuliza mpaka wao unaishia wapi, nami nitaomba ramani kaunti. Jumamosi naanza kwa yule mzee, alishasema akipata karatasi leo anasaini leo.