Ugomvi ukizuka: kurekodi kwa simu au kuingilia?

Kijiwe_Masasi
Wakuu, salaam. Tunaandaa utaratibu wa ukurasa mmoja kwa kijiwe chetu cha bodaboda hapa Masasi. Hela za korosho zikianza kutembea, ugomvi nao huongezeka, na simu zinanyanyuliwa kabla ya mikono. Baadhi yetu wanataka tuandike "marufuku kurekodi". Wengine wanasema bila video hakuna ushahidi. Dakika zile za mwanzo mtu afanye nini hasa?

Mwanamikindani
Msiandike marufuku. Mei 2020 kule Minneapolis, Marekani, taarifa ya kwanza ya polisi juu ya kifo cha George Floyd ilizungumzia tatizo la kiafya. Video ya Darnella Frazier, binti wa miaka 17, ndiyo iliyoonyesha goti la askari shingoni mwake. Mbele ya askari wenye silaha, kurekodi ndio msaada aliokuwa nao.

Vijana wawili wakipigana stendi ni habari nyingine. Simu moja inatosha, waliobaki wana kazi. Tatizo ni kwamba kila mtu hudhani mwenzake ameshapiga simu polisi. Wanasaikolojia wa Marekani, Darley na Latané, walilipima hilo mwaka 1968: waliodhani wako peke yao wakimsikia mtu anapatwa na kifafa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla hajanyamaza, waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Kwa hiyo usipige kelele "jamani saidieni". Mnyooshee mtu kidole: "Wewe wa fulana nyekundu, piga 112. Wewe, leta bajaji."

Huduma_Nachingwea
Na majeruhi je? Hapo ndipo watu hufia huku wakirekodiwa. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kanga safi, kandamiza kwa nguvu dakika 10 bila kufunua, kwa sababu kila ukichungulia unaondoa damu iliyoanza kuganda. Vaa glavu, au funga mkono kwa mfuko safi. Kisu kilichokwama mwilini kisichomolewe, kandamiza pembeni yake. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, na tafadhali asipakiwe mshikaki kwenye pikipiki, maana shingo inaning'inia na hewa inaziba. Majeruhi aende hospitali moja kwa moja, mtu mwingine apitie kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi.

Wakala_Lindi
Upande wa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, ilivyotumwa, na kama haikuchezewa. Kwa hiyo anza na alama ya mahali, kama bango la duka au namba ya pikipiki, kisha rekodi mfululizo bila kukata. Usivute picha karibu hadi mikono ya wagomvi ipotee. Kaa kimya, sauti yako itakutambulisha mji mzima. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na ubora unashuka. Itume kama hati, na ile ya asili ibaki kwenye simu iliyorekodi.

Mpe mpelelezi, usiimwage kwenye magrupu. Ikisambaa, mshitakiwa anatoroka, mashahidi wanatishwa, na aliyepigwa anadhalilishwa mara ya pili. Akiwa mtoto, uso wake usionekane popote. Piga 116 na mwarifu mtendaji: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe serikali ya mtaa.

Kijiwe_Masasi
Ahsanteni sana. Na umati ukishaanza kupiga kwa kelele za "mwizi"?

Mwanamikindani
Hapo usiingie peke yako, na simu shusha. Naamini kabisa kamera huongeza wapigaji, maana kuna wanaotaka kuonekana. Mmoja ampigie mwenyekiti wa mtaa na polisi. Ninyi wengine, watu wanne au watano mnaofahamika hapo, mwingie kwa pamoja na kumzunguka anayepigwa, migongo kwake na nyuso kwa umati. Msiseme "mwacheni", mtaambiwa ni wenzake. Semeni "tunampeleka kituoni", mrudie hivyo hivyo huku mkitembea naye. Umati ukiwa na mapanga au petroli, msiingie. Kaeni mbali, shikeni nyuso na majina.