Mikimbio 628 ya A.E.J. Collins: rekodi halali au watoto walikuwa wanacheza tu?

Wakuu habari zenu. Jana nimebishana na jamaa yangu mpenzi wa kriketi mpaka chai ikapoa, nikaona nilete hapa. Huyu Collins alikuwa yatima, kazaliwa India 1885, akapelekwa bodingi Clifton College kule Bristol. Juni 1899, ana miaka 13 tu, bweni lake likacheza na bweni jingine, dogo akaingia kupiga na hakuna aliyemtoa, siku baada ya siku, jumla karibu saa 7, akamaliza na mikimbio (pointi za kriketi) 628. Kabla yake rekodi ya mpigaji mmoja katika zamu moja ilikuwa 485 ya mtu mzima, Stoddart, mwaka 1886.

Jamaa anataka ifutwe. Eti mwandika hesabu mwenyewe alikuja kukiri kwamba ni 628, ongeza au punguza 20, halafu wapinzani waliudondosha mara kibao mpira wake ambao wangeudaka angetolewa. Mimi nimeshika kalamu, nikahesabu mipigo kwa pointi zake: ya sita 1, tano 4, nne 31, tatu 33, mbili 146, moja 87. Jumlisheni wenyewe, inatoka 628 kamili. Na hizo mbili zimejaa vile kwa sababu upande mmoja uwanja ulikuwa mfupi, mpira ukivuka unapewa mbili tu.

---

Mkuu hesabu kukubali sio ushahidi, daftari la duka nalo linajumlisha vizuri hata kama muuzaji kadokoa. Na wale wapinzani walipata 87 na 61 katika zamu zao mbili, na wapigaji 11 wakatolewa na Collins huyohuyo. Hiyo ni mechi au ni kuonea watoto?

---

Sasa mkifuta hiyo mfute na ya Pranav Dhanawade, yule mtoto wa dereva wa bajaji aliyepiga 1009 huko Kalyan, India, Januari 2016. Naye walimsema hivyohivyo, wapinzani wadogo, uwanja mdogo.

---

Mleta mada nimerudi. Ya daftari la duka umenipata, nakubali. Na sisemi Collins alikuwa gwiji, kriketi ya daraja la kwanza hajawahi kucheza hata mechi moja, alienda jeshini akawa kapteni wa mainjinia, akauawa Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, tarehe 11 Novemba 1914 akiwa na miaka 29, mwili haukupatikana, jina tu liko pale Menin Gate, mnara wa kumbukumbu wa wanajeshi waliopotea. Ila toeni hizo 20 zenu basi, ibaki 608. Stoddart bado kapitwa kwa 123, tena na mtoto.