Mrejesho: bakapu sasa inapita kadi ya pili

Wakuu, niliuliza kwa nini bakapu ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) inajaza laini ya watumiaji wakati seva nimeiwekea kadi ya pili ya mtandao kwa kazi hiyo tu. Imekaa sawa, asanteni sana! Kumbe skripti inaita seva kwa jina, na jina linaelekeza kwenye anwani ya kadi ya kwanza, ndo maana hata ningeongeza kadi kumi isingesaidia. Nimeweka anwani ya kadi ya pili, 10.10.20.2, moja kwa moja kwenye skripti, nikaiongeza kwenye listen_addresses (orodha ya anwani ambazo PostgreSQL inasikiliza) nikaristati, halafu nikaweka mstari wa replication (ruhusa ya kunakili data) kwenye pg_hba.conf, faili linalosema nani anaruhusiwa kuunganisha, hapo ndo ikaacha kunikatalia. Jana usiku nimekaa naangalia namba za data inayopita eth1 (kadi ya pili) zinapanda tu, eth0 (ya kwanza) imetulia kabisa, nimefurahi mno. Kesho najaribu kurestoa.