Tupeane uzoefu: Mliojifunza kuimba opera na klasiki hapa Dar, sauti yako ilipokelewaje?

Alto wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Najua wapenzi wa opera humu tunahesabika, lakini kila nikituma kipande kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kuna mtu ananifuata pembeni: "Dada, na mimi naimba, naanzia wapi?" Ukimchimba kidogo unakuta alishaambiwa mahali kwamba sauti yake haifai. Nataka tuongee hilo. Nani anaimba vizuri kuliko nani tuliache. Mwalimu alifanya nini na sauti uliyomletea?

Naanza mwenyewe. Nina sauti nzito. Kwaya yangu ya kwanza, mwalimu alinisikiliza mistari miwili tu akanipeleka nikasimame na wanaume wa sauti ya tatu. Hakuwa na nia mbaya. Teno walikuwa pungufu na nota zao nilikuwa nazifikia bila jasho. Ila wenzangu wakaniita "Kaka", na siku ya sare nikawa gauni moja katikati ya masuti. Wapo walionishauri nijibane nihamie sauti ya kwanza kama mabinti wengine, nikawa natoka mazoezini koo linawaka.

Mwalimu wa pili hakuuliza mimi ni sauti ya ngapi. Alipiga kinanda akapanda, akashuka, akasikiliza sauti inatulia wapi na inabadilika wapi. Kisha akaniambia mimi ni kontralto, sauti ya chini kabisa na adimu kwa wanawake, na akaniwekea rekodi za Marian Anderson, mwimbaji wa Marekani. Nilikuwa simjui. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi Washington kwa sababu ni mweusi, akaimba nje, mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Lincoln, watu kama 75,000 wakimsikiliza. Mwaka 1955 akawa mweusi wa kwanza kuimba nafasi ya peke yake kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, New York. Nafasi yenyewe ni Ulrica, katika opera ya Verdi iitwayo Un ballo in maschera. Ulrica ni mpiga ramli! Yaani mlango uliofungwa miaka yote ulifunguliwa kwa mganga. Na ni nafasi ya kontralto, mwenye sauti nyembamba haiwezi.

Tangu hapo anayeniita Kaka namwambia nenda kamsikilize Bi Kidude kwanza.

Karibuni. Mlikutana na nini?

Besi_Ubungo

Hongera dada kwa uzi. Mimi nimekulia kwenye solfa, nota za kuandikwa kwa herufi. Daftari letu lilikuwa d r m f s l t mwanzo mwisho, nota za mistari mitano tuliziona kwenye vitabu vya mzee wa kinanda tu. Siku nikajaribu kuingia kwenye kundi moja la mjini linaloimba klasiki. Nikapewa karatasi, nikaomba nitafutiwe do iko wapi. Aliyekuwa anatusaili akatabasamu akasema basi huyu hajui muziki. Sikupewa hata nafasi ya kufungua mdomo.

Sasa jamani, solfa ni muziki wa aina gani usiokuwa muziki? Imetoka Uingereza hiyo hiyo. Sarah Glover aliianzisha, John Curwen akaieneza katika karne ya 19, wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule Afrika Kusini, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 akiwa mtu wa solfa, na sisi tunasimama wima kwa tuni hiyo kila tukiimba Mungu Ibariki Afrika. Waimbaji wengi wa opera wa Afrika Kusini wametokea kwenye kwaya za namna hiyo. Tazameni Pretty Yende, mzaliwa wa Piet Retief. Alikuwa msichana wa shule alipoisikia opera kwenye tangazo la shirika la ndege katika televisheni, akaenda kumuuliza mwalimu kile ni kitu gani. Mei 2023 akaimba peke yake kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles pale London.

Mimi mistari mitano nimeshajifunza, na siikatai. Aliyenifundisha alikuwa anaandika solfa chini ya kila nota kwa penseli, halafu kila wimbo mpya anafuta chache zaidi. Ilikwisha nikiwa sijui imekwisha lini.

Mzee wa Magomeni

Mnahangaika na Kiitaliano cha nini vijana? Siti binti Saad alipanda meli mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, akaimba Kiswahili. Mimi napita tu.

Alto wa Tabata (mleta uzi)

@Mzee wa Magomeni shikamoo baba. Kaa usipite, kuna mtu wa taarabu humu namsubiri aandike.

Binti Kariakoo

Ni mimi huyo, na marahaba ya Mzee naomba nigawiwe.

Nimeanza na qasida madrasa, nikaingia taarabu ya harusini, ile ya kukaa na fidla, siyo hii ya vigoma. Pumzi yangu imetoka kwenye kusoma Qurani. Ukijifunza tajwidi unafundishwa wapi pa kusimama na wapi pa kuunganisha, huruhusiwi kuvuta hewa popote unapojisikia. Nilipokwenda kwa mwalimu wa sauti, jambo alilolikuta tayari ni hilo. Alilolichukia ni mapambo. Kila nikifika mwisho wa mstari sauti inazunguka yenyewe, inateremka kwa ngazi ndogo ndogo. Akasema niondoe uchafu huo, nota iwe nyeupe. Nikaacha kwenda.

Mwalimu niliye naye sasa ni mama mmoja anayefundishia sebuleni kwake, kinanda kiko kati ya kabati la vyombo na friji. Huyu alinipa wimbo wa mtunzi Händel, "Lascia ch'io pianga", kutoka opera ya Rinaldo ya 1711. Wimbo una sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, kisha unarudi kwenye ya kwanza. Akanieleza kwamba enzi zile mwimbaji akirudia sehemu ya kwanza hakutakiwa kuiimba kama ilivyoandikwa. Alitakiwa aipambe! Aliyeshindwa kupamba alionekana mvivu. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kile alichokiita mtu "uchafu", Händel alikuwa anakitegemea.

Siyo kwamba nilimwaga taarabu yote mle. Zile nota za katikati, ambazo kwenye udi zipo na kwenye kinanda hazipo, nilizitoa kwa sababu zinagongana na vyombo. Nikabaki na mizunguko ya kasi na ule mtetemo wa kumalizia. Mama anasema nipambe kidogo mara ya kwanza ili watu wajue umbo la tuni, kisha nijiachie.

Kichekesho: opera yenyewe ni ya vita vya msalaba. Almirena ametekwa na Armida, malkia wa Dameski, analia mbele ya mfalme wa Jerusalem. Nami nimeimba nafasi ya binti wa Kikristo aliyetekwa nikiwa na hijabu yangu, kwenye ukumbi wa kanisa pale mjini. Paroko ndiye aliyeniletea maji. Nyumbani tulijadiliana kidogo. Nilimsomea mama yangu maneno ya wimbo, akaona ni msichana anaomba aachwe alilie uhuru wake, akasema nenda.

Besi_Ubungo

Hapo kwenye friji nimepajua 😂 Umeme ukikatika darasa linaendelea kwa mdomo.

Sikio Tu

Mimi sioni, naandika kwa programu inayonisomea simu. Teno.

Watu wanafikiri tabu yangu ni nota. Nota zinasikika. Mwenzangu ananirekodia sauti ya tatu peke yake, nasikiliza kwenye daladala kutoka Mbagala, nikifika Posta ninayo. Kwa atakaye kusoma, zipo nota za nukta nundu pia. Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani Paris, na mfumo aliouchapisha mwaka 1829 ulikuwa na muziki ndani yake. Kazi ni kuzipata hapa mjini.

Tabu yangu ilikuwa mkono wa mwalimu. Kwaya nzima inamtazama, mimi nitajuaje tunaingia lini? Kundi moja lilinikataa kwa hoja hiyo, eti nitawaharibia mwanzo. Lililonichukua, mwalimu alifanya jambo dogo: anavuta pumzi kwa sauti kabla ya kila mwanzo, kwa kasi ya wimbo unaokuja. Pumzi ndefu, wimbo wa taratibu. Pumzi fupi kali, tunakimbia. Baada ya muda hata wenye macho wakawa wanaingia vizuri zaidi, kwa sababu wote tunavuta hewa pamoja naye.

Jukwaani nashika kiwiko cha jirani. Ndiyo hivyo.

Mwalimu wa Mbezi

Nimesoma yote. Nafundisha sauti, nami niseme upande wetu, maana tumepigwa sana leo (na nyingine ni halali yetu).

Opera huimbwa bila kipaza sauti, mtu mmoja dhidi ya okestra nzima. Hashindi kwa kupiga kelele. Sauti iliyofundishwa hukusanya nguvu karibu na hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo vyombo vingi vimepungua na sikio la binadamu ni kali. Kwa hiyo lipo jambo la lazima ambalo kila mwanafunzi atafundishwa, awe wa taarabu, wa injili au wa ngoma za Kigogo. Kosa letu walimu ni kuchanganya jambo hilo na ladha. Tunasikia sauti ya mtu wa Ulaya kichwani tunadhani ndiyo kanuni.

Mswahili anakuja na mtaji. Irabu zetu tano ni safi, haziyumbi katikati, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Kwa Kiitaliano hiyo ni nusu ya safari. Panapotukwamisha ni konsonanti mbili mbili, na kwa wanaochanganya r na l ni kazi ya ulimi ya wiki nyingi. Darasani kwangu anayemcheka mwenzake kwa r na l anaimba yeye peke yake mbele ya wote, mara moja inatosha.

Dada Alto, suala lako la teno: mwanamke wa sauti ya chini kusaidia sauti ya tatu si dhambi. Shida ni kumwacha hapo miaka bila kumfundisha sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu.

Mgeni_Kigamboni

Mwalimu, nina mdogo wangu wa miaka 13, sauti imeanza kukwaruza. Aache kwanza? Na sisi tusio na hela ya mwalimu binafsi tuanzie wapi?

Mwalimu wa Mbezi

Asiache. Aimbe katikati tu, polepole, asilazimishe juu wala asiigize besi. Akisikia maumivu anyamaze siku hiyo. Kuhusu hela, tafuta kwaya iliyo karibu nawe inayosoma nota, ukae nayo mwaka mzima. Kwa anayetaka kusomea kabisa kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, na kwa taarabu ya darasani kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kule Unguja. Mje na nyimbo mnazozijua tayari, za nyumbani. Ndizo ninazoanza nazo kusikiliza.

Mzee wa Magomeni

Marahaba wote. Binti Kariakoo, hiyo shughuli ya kanisani mkirudia nijulishwe, nina fidla.