Lubumbashi–Likasi na kurudi kwa kinga (baiskeli), siku moja: nilikwama Luisha. Nilikosea wapi?

Mwalimu_Katuba

Jambo wandugu. Nafundisha hesabu katika sekondari moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, na kinga ndiyo inanipeleka kazini kila siku. Mwezi wa sita nilijaribu kwenda Likasi na kurudi siku ileile, kama kilomita 240. Nilitoka kungali giza, baridi inauma masikio. Kwenda nilienda vizuri. Likasi nikaagiza bukari (ugali) na samaki, nikala nikashiba, nikapumzika zaidi ya saa nzima.

Kurudi ndiko kulikonimaliza. Tumbo likagoma, kila nilichokunywa kilitaka kutoka. Kidole cha mwisho na cha jirani yake, mkono wa kushoto, vilikufa ganzi hata nikashindwa kufunga kifungo cha shati. Goti la kulia nalo likauma kwa mbele. Nafika Luisha jua linazama, nikapakia kinga juu ya lori la unga.

Nimesoma kwamba Ufaransa wana safari ziitwazo brevet: kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, hakuna mshindi, mradi umalize. Nataka mimi na wenzangu watatu tufanye yetu mwezi wa nane, kabla ya joto na mvua. Je, ni miguu iliyoshindwa au ni kitu kingine?

Yaya_wa_Kampemba

Mwalimu, miguu yako haina kosa. Nimeishi Ubelgiji miaka tisa, na huko ndiko nilikojifunza mambo haya. Mwaka 2019 niliendesha Paris–Brest–Paris, safari ndefu ya aina hiyohiyo huko Ufaransa, kilomita 1,200 na ushee kwa saa 90. Ili wakukubali, mwaka uleule lazima uwe umemaliza brevet za kilomita 200, 300, 400 na 600. Ile ya 600 wanakupa saa 40, usingizi wako umo humohumo.

Sasa wewe ni mtu wa hesabu: gawanya 200 kwa 13.5. Haifiki kilomita 15 kwa saa! Mtoto wa shule anaenda mwendo huo. Kinachoua ni kusimama. Saa moja uliyokaa Likasi ni kilomita 20 ulizozitupa, na ile sahani ya bukari uliipeleka kwenye tumbo ambalo damu yake ilikuwa imeshakwenda mapajani. Kula kidogokidogo ukiwa juu ya kinga: kila nusu saa ndizi moja, au kitumbula, au karanga za chumvi, hata kama husikii njaa. Njaa ikishafika umechelewa.

Vidole: hapo ndipo mshipa wa fahamu unapopita, pembeni mwa kiganja, nawe umeulalia siku nzima. Tazama kiti chako. Kama pua yake imeinama, unateleza mbele na uzito wote unaangukia mikono. Kiweke sawa kama meza, na badilisha mshiko kila mara. Goti kuuma mbele, mara nyingi ni kiti kiko chini mno. Egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukibaki umepinda, inua kiti.

Nikwambie kitu kimoja cha kule. Usiku wa manane, kijijini Bretagne, njiani kwenda Brest, familia nzima imekaa nje ya nyumba, meza ina kahawa na chapati zao nyembamba, watoto wananyoosha mikono uwapige viganja ukipita. Hawachukui pesa. Nililia, na sioni haya kusema.

Baba_Makala

Mwanangu, mimi nimeleta makala (mkaa) mjini kwa kinga miaka kumi na moja, magunia manne, mpira wa ndani uliochanwa ndio kamba. Mlimani tunasukuma, mteremko tunakanyaga tairi kwa kandambili kupunguza mbio. Kwa hiyo nasema ninachokijua: kilomita hazikuogopeshi wewe, ila barabara ya Likasi usiku, hapana. Malori ya madini mawili yakipishana, mwenye kinga hana nafasi yake. Mwaka 2009 mwenzangu aligongwa alfajiri, alikuwa mbele yangu hatua ishirini tu. Alikuwa na taa. Sisi tulijifunza kusikia injini nyuma na kushuka kwenye udongo kabla haijakukaribia, bila kusubiri honi.

Nenda Kipushi. Ni kama kilomita 30. Nenda na kurudi mara tatu, kisha zungukeni mjini mpaka 200 itimie. Ukiishiwa nguvu, nyumbani ni karibu.

Yaya_wa_Kampemba

Baba, nimekubali. Kule tunalazimishwa kuvaa kizibao kinachong'aa na kuwa na taa mbele na nyuma, lakini barabara za vijiji hazina malori kama yetu. Mwalimu, msikilize.

Muuguzi_Ruashi

Kwa ufupi, kwa sababu niko zamu. Kunywa maji matupu siku nzima huku unatoka jasho kunapunguza chumvi ya damu, na kichefuchefu kinaweza kuwa dalili yake. Weka chumvi kidogo na sukari kwenye chupa moja kati ya mbili. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, punguzeni mwendo. Na tafadhali sana, msimeze ibuprofeni kwa ajili ya goti mkiwa mmekaukiwa na maji. Figo ndizo zitakazolipa.

Mwalimu_Katuba

Aksanti Baba, aksanti yaya (dada), aksanti muuguzi. Nimepima sasa hivi ukutani: goti limepinda sana, kiti nimekiinua vidole vitatu. Pua yake kweli ilikuwa imeinama. Miaka yote hii sikuiona.

Tutafanya Kipushi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, kuanzia mapambazuko. Kadi za kugonga muhuri kila tukifika Kipushi nimezichora kwa mkono, nne. Kuna mtu wa huku anayekaa Kipushi, karibu na soko, anayeweza kututilia sahihi mara tatu siku hiyo? Vitumbula vyake tutavinunua vyote.