Tupeane uzoefu: kurusha modeli za ndege za rimoti penye mwewe na kunguru hapa Dar

Mbawa_Ndefu: Wakuu, anga ya Dar ina wenyewe, nao ni mwewe na kunguru. Tuwekeane mbinu za kurusha bila kuumiza kiumbe wala kuvunja modeli. Naanza na mahali. Soko la samaki la Feri na dampo la Pugu Kinyamwezi kaa mbali napo: penye mabaki ya chakula mwewe hawakosekani, na wamezoea kunyakua vitu. Kwingineko, tazama juu dakika 10 kabla ya kuunganisha betri. Ukiona mwewe anarudi mara kwa mara kwenye mnazi au mvinje uleule, hapo pana kiota, hama. Kibali malizana na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kwanza, na upande wa Kipawa usiufikirie kabisa, uwanja wa ndege uko pale.

Kusi_Pwani: Naongezea hewa. Mwewe wakizunguka bila kupiga mbawa, chini yao hewa ya moto inapanda. Ukitaka kuitumia, ingia kwa chini, zunguka upande uleule wanaozunguka wao, acha angalau mita 30. Ukiingia kwa juu yao au ukazunguka kinyume, unawachokoza. Saa nne hadi saa saba mchana ndiyo nzuri. Upepo wa bahari ukishaingia, hewa ya ufukweni hupoa na hiyo ya kupanda unaikuta bara zaidi.

FundiLipo: Vifaa jamani. Kwa modeli yenye upana wa mbawa wa mita 2 tumia propela ya kukunja, inchi 9 au 10, betri ya seli 3. Kwenye kidhibiti mwendo (kifaa kinachoongoza kasi ya mota) washa breki, la sivyo ukikata moto, yaani nguvu ya mota, propela inaendelea kuzungushwa na upepo na haikunji. Hili watu wengi hawaligusi, na ndilo linalokata mbawa za mwewe. Lijaribu chini kwanza: ongeza moto kidogo, kata, propela isimame papo hapo. Mwewe hafikishi hata kilo moja. Modeli ya kilo moja yenye propela inayozunguka ni kifo chake.

Dogo_Tegeta: Mkuu, mwewe akija si unapiga mbizi tu umkimbie?

Mbawa_Ndefu: Hapana mdogo wangu. Hushambulia akitokea juu na nyuma. Ukipiga mbizi unafanana na windo linalotoroka, naye kwa kushuka ana kasi kuliko unavyodhani. Akiwa bado mbali, mita 50 hivi, panda kwa moto wote uwe juu yake. Wengi huacha hapo. Akishafika karibu, ndani ya mita 15, kata moto kabisa, geuka kwa duara pana, elekea upande mwingine wa uwanja ukitua. Usikate kona kali, bawa likipoteza mbebo (nguvu ya hewa inayoibeba modeli) utamwangukia.

Kusi_Pwani: Kunguru ni habari nyingine. Mmoja akianza kulia huita wenzake, wanakuja kundi. Tua mapema, subiri watulie.

Mama_Kipepeo: Mimi nasisitiza Kunduchi, kwa sababu wengi wanapapenda kwa uwazi wake. Kuanzia Septemba hadi Aprili vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni wanaohama kutoka kaskazini, wako pale. Maji yakipwa wanakula topeni. Yakijaa wanabanana kwenye mchanga kupumzika. Modeli ikipita chini, kundi zima linaruka. Machi na Aprili ni mbaya zaidi, kwani wanajaza mafuta mwilini kwa safari ndefu. Miezi hiyo msirushe pale kabisa.

FundiLipo: Modeli ikiguswa na kucha, usirushe tena kabla ya kukagua. Pinda bawa taratibu usikilize mlio wa mhimili wake wa ndani, cheza eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha) kwa rimoti, kisha toa betri. Ikiwa na tundu au imevimba, iweke kwenye ndoo ya mchanga nje, mbali na gari, kwani lipo (betri hizi za lithiamu) huweza kuwaka baadaye. Bawa la EPO (povu gumu la modeli) hushika kwa supa gluu, ila stairofomu ya kawaida huyeyuka. Hiyo tumia epoksi ya dakika 5.

Mama_Kipepeo: Na mwewe akijeruhiwa, mfunike kwa kanga kichwa na mbawa, shika miguu kwanza maana kucha ndizo zinazoumiza. Boksi lenye matundu, giza, bila maji wala chakula, moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.