UZI WA MALALAMIKO: Acheni kusimulia historia ya mtandao Afrika Mashariki kana kwamba FidoNet haikuwepo

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimekuja kugomba.

Kila baada ya miezi kadhaa humu jukwaani hufunguliwa uzi wa "historia ya mtandao kwetu", na kila safari wimbo ni uleule: Vint Cerf na Bob Kahn wakabuni TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya intaneti), ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ikahamia huko tarehe 1 Januari 1983, kisha giza totoro, kisha katikati ya miaka ya 1990 wauza intaneti wakatushushia baruapepe kama mana. Giza lipi? Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990 barua za kompyuta zilishakuwa zinaingia na kutoka Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Addis Ababa, na zilibebwa na FidoNet, mtandao wa kompyuta zilizopigiana simu na kupokezana barua. Laini ya simu ya kawaida, modemu, PC moja ya DOS. IP haimo.

Na ikitajwa, inatajwa kwa dharau. Wiki iliyopita kuna mtu kaiita "michezo ya watoto wa BBS" (mbao za matangazo za kompyuta, unazipigia kwa modemu), akavuna laiki kibao. Haya, twende.

Tom Jennings, San Francisco, 1984, aliandika programu ya Fido. John Madill, Baltimore, akawa mwenzake wa kujaribu kupitisha barua usiku, simu ikiwa nafuu. Hakuna jeshi wala wizara iliyogharamia. Mwaka 1985 orodha ya nodi (kompyuta wanachama) ilipokuwa imefurika wakaigawa kwa neti, yaani makundi ya nodi, baadaye zikaongezwa zoni za maeneo makubwa, na Afrika ikapewa zoni 5. Jeff Rush wa Dallas akaleta echomail mwaka 1986, yaani mijadala inayonakiliwa kutoka nodi hadi nodi.

Kwetu: Nairobi kulikuwa na nodi ya ELCI, kituo cha mashirika ya mazingira. Makerere kulikuwa na nodi ya MUKLA, chini ya Charles Musisi. Addis Ababa kulikuwa na nodi ya PADIS, mfumo wa habari za maendeleo chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. London, Karen Banks wa GreenNet ndiye aliyeshika lango la GnFido lililounganisha nodi za Afrika na dunia. Mwaka 2013 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la Intaneti. Huko Grahamstown, Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kilipitisha barua kwa Fido hadi kwa Randy Bush, Portland, Oregon, kabla ya kufungua laini ya IP mwaka 1991. Nyuzi zenu zimetaja wangapi kati ya hao? Sifuri.

Sasa kwa nini Fido na siyo TCP/IP? Wengi mnajibu "umaskini" mkadhani mmemaliza. Fanyeni hesabu.

TCP inataka ncha mbili ziwe hai kwa wakati mmoja, na kila pakiti hubeba kichwa cha baiti 40. Ukiandika herufi moja kwenye telnet (kuendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika), zinaondoka baiti 41. Modemu ya biti 2400 kwa sekunde hupitisha herufi 240 kwa sekunde, kwa hiyo herufi yako moja inakula sekunde 0.17 kabla hata haijarudi kuonekana kwenye kioo. Mbinu ya Van Jacobson ya kubana vichwa ilitoka mwaka 1990, na simu ya kimataifa inahesabiwa kwa dakika.

Fido haitaki hayo. Barua zinaandikwa bila laini, zinafungwa, zinabanwa, ndipo simu inapigwa. Maandishi ya baiti 60,000 kwa modemu ile ni sekunde 250. Yakibanwa hadi 24,000 ni sekunde 100. Simu moja inapeleka na kuleta, aliyepiga na aliyepigiwa wote wanapata zao. Barua ukiitia alama ya "Hold", nodi yako haipigi simu ng'o, inasubiri mwenzako mwenye simu nafuu apige. Haya si mambo ya watoto. Huo ni ubunifu uliofanywa kwa kutazama bili ya simu.

Halafu njia ya kuhamisha faili. XMODEM hutuma kipande cha baiti 132 kisha husimama kungoja jibu. Simu iliyopita setilaiti, tuseme kupitia kituo cha Longonot nchini Kenya, kwenda na kurudi ni kama nusu sekunde. Kwa biti 2400 kipande chenyewe huchukua sekunde 0.55, hivyo karibu nusu ya dakika unazolipia ni kungoja. Ukinunua modemu ya 9600, kipande kinachukua sekunde 0.14 na kungoja kunabaki palepale: karibu nne ya tano ya pesa inateketea. ZMODEM ya Chuck Forsberg, 1986, hutuma mfululizo, mpokeaji anapaza sauti pakiharibika tu, na laini ikikatika inaendelea ilipoishia. Ila kwenye laini mbovu usitumie ZedZap, aina ya ZMODEM ya Fido yenye vipande vya baiti 8192, kwani mkwaruzo mmoja unaweza kukurudishia kipande kizima. Tumia ZedZip, ambayo vipande vyake mwisho ni baiti 1024.

Modemu nazo! Telebit Trailblazer iligawa laini kwa masafa zaidi ya 500 na kuyaacha yale mabovu. HST ya US Robotics ilikwenda 9600 upande mmoja na kutambaa upande wa pili. Zikikutana hizo mbili hazielewani, zinashuka hadi 2400. Umelipia gari la mbio, unatembea kwa miguu.

#2 Nodi_ya_Zamani
Mkuu umenena. Niongeze kwa wanaofungua mafaili ya .PKT (pakiti za barua za Fido) ya zamani kisha wanakuja humu kulia kwamba "tarehe si sahihi". Kichwa cha pakiti ni baiti 58, namba zote baiti ndogo mbele, yaani baiti ya thamani ndogo hutangulia. Mwezi unahesabiwa kuanzia 0! Desemba ni 11, ndiyo maana kwenu inasomeka Novemba. Kila ujumbe unaanza na baiti 02 00 (kwa heksadesimali), na pakiti inafungwa na 00 00. Zoni msiitegemee kwenye kichwa, maana muundo wa awali ulijua neti na nodi tu. Itafuteni kwenye mstari wa INTL, ulio ndani ya ujumbe wenyewe na unaoanza na baiti ya 01. Hapo anayepelekewa anatangulia, mtumaji anafuata. Watu wanaigeuza, kisha wanatangaza kwamba barua za Nairobi zilitoka Marekani.

Na baiti ya 8D kwenye maandishi itupwe, ndivyo kanuni ya FidoNet ilivyosema. Warusi iliwatesa, maana kwenye kompyuta zao baiti hiyo ilikuwa herufi kubwa Н, wakaishia kuandika H ya Kilatini.

#3 mzee_wa_antena
Mmesahau HealthNet, mtandao wa barua za wahudumu wa afya. Shirika lake, SatelLife ya Dkt. Bernard Lown, Boston, lilitumia setilaiti ya UoSAT-3, iliyorushwa Januari 1990, kisha HealthSat-2 mwaka 1993. Hizi hazisimami angani. Zinazunguka kama kilomita 800 juu, kila zikipita unazipata kwa dakika chache tu. Itifaki ya PACSAT ya Harold Price na Jeff Ward ilikuwa na ujanja: setilaiti inamwaga faili kwa wote wanaosikia, kila kituo kinaandika mapengo yake, kisha kinaomba mapengo hayo peke yake. Vituo viwili vikitaka faili moja, linamwagwa mara moja.

#4 bandidu_2001
Kwani si ilikufa hiyo Fido? Mnagombania maiti.

#5 Mleta uzi
@bandidu_2001 Kwetu ilififia pale laini za kudumu zilipokuja, na barua zake zilikuwa tayari zinavuka kwenda intaneti. Programu ya UFGATE ya Tim Pozar na wenzake, miaka ya mwisho ya 1980, iligeuza anwani ya Fido 1:125/111 (zoni:neti/nodi) kuwa f111.n125.z1.fidonet.org. Aliyekuandikia kutoka chuo cha Ulaya hakujua kama upande wako kuna IP au hakuna.

@mzee_wa_antena sahihi, nimepitiwa, naiongeza.

Mods: ule uzi mliobandika juu unaosema "kabla ya makampuni ya intaneti hakukuwa na baruapepe" ufanyieni marekebisho au ubanduliwe. Nimewatumia sentensi tatu za kuweka badala yake, ziko kwenye kikasha chenu tangu jana.